Kapsuli Arobaini na Moja

Kila asubuhi kabla ya saa kumi na mbili na nusu, mama yake Emmaculate alikoroga uji, akazima redio, akatoa kapsuli moja kwenye chupa na kuiweka kwenye kisosi kando ya kikombe. Halafu alirudi kwa cherehani yake, kwa sababu Januari mtaani kwao Langas ni mwezi wa yunifomu za shule na wazazi hawana subira. Hakuangalia kama kapsuli imemezwa. Ya nini? Emmaculate alikuwa na miaka kumi na miwili, alikuwa darasa la sita, na mwaka mzima alikuwa ameimeza bila kukumbushwa.

Siku hiyo alimaliza uji, na kapsuli ikaingia kwenye mkono wa sweta. Alipoinama kutafuta viatu chini ya kitanda, aliitupa kwenye kopo la mafuta ya kujipaka alilokuwa ameliosha na kulikausha. Hiyo ilikuwa ya thelathini na nne. Siku moja anameza, siku inayofuata anaficha.

Emmaculate hakuwa mjinga, wala hakuwa mtoto wa kukataa dawa. Alikuwa na selimundu, ule ugonjwa ambao mtaani wanauita siko seli. Chembe nyekundu za damu yake, badala ya kuwa mviringo na laini, zilijikunja kama mundu na kukwama kwenye mishipa midogo. Zikikwama, uchungu wake ni wa kumfanya mtu mzima alie. Tangu aanze kapsuli hizo hakuwa amelazwa hata mara moja.

Lakini alikumbuka Januari ya 2008.

Wakati huo alikuwa na miaka saba. Matokeo ya kura yalikuwa yametangazwa, watu wakaanza kuchomeana nyumba, barabara zikafungwa kwa mawe na tairi zinazowaka. Baba alikuwa amekwama kwenye mji wa Moi's Bridge, alikokuwa akifanya kazi kwenye ghala la mahindi. Duka la dawa la pale kona lilifungwa, na kesho yake likachomwa. Dawa alizokuwa akitumia siku hizo ziliisha, na siku chache baadaye uchungu ukamshika miguu. Mama alimfunga mgongoni kwa leso kama mtoto mchanga, miguu inaning'inia, wakatembea mpaka hospitali. Walisimamishwa kwenye vizuizi vitatu. Kila mahali vijana walimuuliza mama yeye ni kabila gani, na kila mahali mama alijibu kwamba mtoto ni mgonjwa. Walipita. Emmaculate alikaa wadi wiki tatu.

Sasa ilikuwa 2013, na kura ilikuwa inakuja tarehe nne Machi. Nyumbani hakuna aliyetaja habari hiyo. Lakini mwezi wa Novemba, akitafuta sabuni juu ya kabati, Emmaculate alikuta begi lililojazwa na kufungwa vizuri. Alifungua zipu. Ndani kulikuwa na vyeti vya kuzaliwa, nguo mbili za kila mtu, blanketi na sufuria ndogo. Dawa yake haikuwemo. Haingeweza kuwemo, kwa sababu kliniki ilikuwa inatoa ya mwezi mmoja tu, na mwezi ukiisha chupa nayo imeisha. Alifunga zipu, akarudisha begi mahali pake, na hakuuliza mtu. Kesho yake ndipo alipoanza kujaza kopo.

Wa kwanza kuona mabadiliko alikuwa Chelimo, rafiki yake wa dawati moja. Walikuwa wamekaa juani wakati wa mapumziko, wakisikiliza wavulana wakibishana ni kwa kina nani wamenunua unga mwingi zaidi wa kungojea kura. Chelimo alisema kwao wameweka magunia mawili, na sasa nyanya yake analala nayo chumbani kama wageni. Halafu akamtazama Emmaculate usoni.

"Na wewe macho yako mbona ni ya manjano hivyo? Unafanana na kiini cha yai la kienyeji."

Emmaculate alisema ni usingizi.

"Usingizi gani wa rangi? Na siku hizi ukipanda ngazi unapumua kama mzee wa pensheni. Si umwambie mamako."

Emmaculate alimwambia aache kelele, akaondoka. Lakini alipofika chooni alijiangalia kwenye kipande cha kioo kilichopachikwa ukutani, na akaona kweli Chelimo hakuwa akitania. Akapiga hesabu: wiki tatu tu zimebaki, baada ya hapo atameza kila siku. Hesabu yake ilikuwa safi kabisa. Ubaya ni kwamba damu haikuwa imeulizwa.

Jumanne ya pili ya Februari, asubuhi yenye upepo wa baridi, walikuwa wamesimama gwaride Mwalimu Jackson akisoma matangazo. Uchungu ulianzia kwenye goti la kulia, ukapanda pajani, ukaingia na mguu wa pili. Emmaculate aliketi chini katikati ya mstari. Mwalimu alitaka kumkemea, halafu akaona uso wake. Gari lililoleta mkate lilikuwa bado langoni, basi wakamlaza ndani kati ya kreti, Chelimo akimshika mkono, na dereva akaendesha polepole kwa sababu kila shimo barabarani lilimtoa Emmaculate kilio.

Siku mbili alikuwa hospitalini kwenye maji ya mshipa na dawa ya maumivu. Siku ya tatu aliweza kukaa. Mchana huo Daktari Kituyi wa kliniki ya selimundu alikuja na faili lake, akavuta kiti karibu na kitanda. Mama alikuwa upande wa pili, na futi ya kupimia nguo bado ikining'inia shingoni. Alikuwa ameisahau tangu Jumanne.

Daktari alisema majibu ya damu hayamfurahishi. Oktoba yalikuwa mazuri, sasa yamerudi nyuma kama vile mtoto hajawahi kuona dawa.

"Emmaculate, unameza kila siku?"

"Ndiyo."

"Mimi mwenyewe ndiye ninamwekea, daktari," mama akasema. "Kila asubuhi."

Daktari aliandika kitu, akafikiri, kisha akasema kama ni hivyo, dozi ya zamani imeshindwa. Ataongeza: leo moja, kesho mbili. Mama akauliza kama kuongeza kuna hatari. Kituyi hakuwa mtu wa kumficha mzazi kitu, akaeleza tangu mwanzo.

Alisema karibu kila seli ya mwili imebeba maagizo yote ya mtu, kama kitabu kikubwa, na agizo moja ndani yake linaitwa jeni. Kitabu chenyewe hakitolewi. Kuna mashine ndogo ndogo ndani ya seli ambazo kazi yake ni kunakili jeni inayotakiwa, na ile nakala ndiyo inayopelekwa kufanyiwa kazi. Seli ya jicho haisomi kurasa za ini. Jeni zisizohitajika hufungwa, zinazohitajika huachwa wazi.

Emmaculate alikunja uso. Mama ndiye aliyeelewa kwanza.

"Ni kama mimi na karatasi zangu za kukatia," akasema. "Ninazo za shule kumi na mbili. Ile ya asili haitoki kwa boksi, ninachora nyingine juu yake, na hiyo ndiyo inaenda mezani. Na siwezi kukata za shule zote mara moja, mafundi tuko wawili tu. Tukishika sketi za shule moja, kaptura za nyingine zinangoja."

Daktari alicheka, akasema hata yeye hajawahi kueleza vizuri hivyo. Seli nayo, alisema, mashine zake za kunakili zina idadi. Zikipungua inatengeneza nyingine, zikizidi inazivunja, na kila wakati inapima ni jeni gani ifunguliwe na kwa kiasi gani.

"Sasa, mtoto akiwa tumboni ana jeni ya damu ya kitoto, na hiyo haijikunji. Baada ya kuzaliwa, mwili unaifunga polepole na kufungua ile ya ukubwani. Ya ukubwani ndiyo Emmaculate aliyozaliwa nayo ikiwa na kasoro. Kapsuli inazishawishi seli zilizo ndani ya mifupa ziifungue tena ile ya kitoto. Lakini ni kushawishi tu. Ukiacha, zinaifunga. Na ukizidisha, unaziumiza, chembe nyeupe za kupigana na magonjwa zinapungua, na mtoto anaweza kuuawa na kidonda kidogo tu."

Emmaculate alisikia yote. Wazo la kwanza lililomjia halikuwa zuri: siku za kapsuli mbili angemeza moja na kuficha moja. Lakini mama alikuwa ameinamisha kichwa.

"Ni makosa yangu," mama akasema. "Nilikuwa nashona tu, sikumwona akiwa manjano. Kuanzia leo nitasimama hapo mpaka nione amemeza zote."

Hapo hapakuwa na pa kupita. Akinyamaza, atamezeshwa dozi ambayo hakuihitaji, na mama atabeba kosa lisilo lake.

"Dawa haijashindwa," Emmaculate akasema. "Mimi ndio nilikuwa naruka siku."

Mama aliinua kichwa. "Unasema nini?"

"Ziko chini ya kitanda. Kwa kopo. Arobaini na moja."

"Za nini, nyathina?"

Mama hutumia neno hilo la lugha yao, yaani mwanangu, akiwa ameshtuka sana au amefurahi sana.

"Za kura. Niliona begi. Kila kitu kilikuwa ndani na dawa yangu haikuwa."

Mama alivua futi shingoni na kuanza kuikunja, akaikunja mpaka ikaisha. Kisha akakiri kwamba begi ni lake, kwamba tangu 2008 hajawahi kungojea kura bila begi, na kwamba alilificha ili mtoto asiogope.

Daktari alichana ile karatasi ya dozi mpya. Alisema zilizo kwenye kopo ziletwe kliniki, asizitumie mtu, na kuanzia kesho ni moja kila siku kama zamani. Halafu akaenda zake kwa duka la dawa la hospitali, akarudi na chupa mbili: ya mwezi huu na ya ziada. Akaandika barua yenye jina la ugonjwa, dozi, na kliniki tatu za kwenda kama wangelazimika kuondoka, moja yao Kisumu, kwao nyanya yake Emmaculate. Akasema wangemwuliza Novemba, angewapa Novemba.

Jioni ya kutoka wadi, mama aliliteremsha begi juu ya kabati, akaliweka wazi kwenye kiti, na Emmaculate akapanga chupa ya ziada na barua ndani kwa mkono wake.

Machi tarehe nne ilifika. Watu wa Langas walipiga foleni wakapiga kura, wakarudi nyumbani wakafunga milango, wakangoja. Siku zikapita, maduka yakafunguliwa, Chelimo akaja kulalamika kwamba kwao watakula ugali wa akiba mpaka Krismasi. Begi halikubebwa kwenda popote.

Aprili walirudi kliniki. Daktari Kituyi aliisoma karatasi ya majibu mara mbili, kisha akaisukuma juu ya meza ili Emmaculate aone mwenyewe. Damu ya kitoto ilikuwa imeanza kupanda tena, na macho yake yalikuwa meupe.

"Seli zako hazijui kura ni lini," daktari akamwambia. "Zinajua leo umemeza au hujameza, basi. Na wewe kuogopa haikuwa makosa, hata mamako aliogopa. Kosa ni kwamba nyinyi wawili mliogopa nyumba moja, kila mtu kona yake, na kila mtu akapanga peke yake. Kitu kikikuogopesha, kiseme mapema kwa mtu mzima, hata kama unaona ameshughulika. Akikunyamazia, mwambie mwingine. Hofu ya kimya haina mtu wa kukosoa hesabu yake."

Mama alisema na yeye amesikia.

"Nilikuwa nawaambia wote wawili, Mama Emmaculate," daktari akasema, na akaita mgonjwa anayefuata.