Iache Kwenye 2.9

Haya yalimkuta binamu yangu Nyasani, na ukitaka kubisha, risiti ninayo mimi.

Ijumaa hiyo jua lilikuwa linawaka vizuri tu. Degree ya computer, miaka minne ya tarmac akisaka kazi, na hatimaye shule moja ya binafsi huko Kiogoro imemwita kwa majaribio. Madam Tryphosa, mwalimu mkuu, akamkalisha mbele ya mashine ya ofisini.

"Haron, mtu wetu wa kompyuta, anaugua, yuko kwao. Hii script yake imekataa kufanya update. Itengeneze kabla jua lizame, mura, na kazi ni yako. Sabato ikiingia hapa hakuna mtu anagusa kitu."

Kazi ya script ilikuwa ndogo: kusoma version ya kila module, yaani kila kipande cha programu kilicho kwenye mashine, kuilinganisha na ile mpya iliyoletwa, na kuweka iliyo kubwa. Nyasani akacheka mpaka akakohoa. Haron alilinganisha namba kama maneno, herufi kwa herufi. Kwa hiyo 2.9 ikaonekana kubwa kuliko 2.10, maana tisa inaipita moja.

"Huyu ndiye mlikuwa mnalipa mshahara, na mimi niko nyumbani nachambua mboga? Hata first year hafanyi haya!"

Juu ya mstari wa kulinganisha namba Haron alikuwa ameandika: Najua ni makosa. Iache kwenye 2.9.

"Yaya, siiachi," Nyasani akasema. Akazitenganisha namba kwenye nukta, kumi ikawa kumi. Akabonyeza Enter.

Module moja tu ikasogea. Chini yake yakajipanga majina ya walioiandika.

2.8 Osoro.
2.9 Bitutu.
2.10 Haron. Imewekwa.

Madam alikuwa amesimama nyuma yake. "Osoro tulimzika mwaka juzi," akanong'ona. "Bitutu, Machi."

"Walikuwa wanafanya nini hapa?"

"Walikalia hicho kiti."

Simu ya Madam ikalia. Mke wa Haron. Madam akasikiliza. Akaiweka mezani, kilio bado kinatoka ndani yake.

Mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati. Mstari mpya ukatokea.

2.11 Nyasani. Inasubiri.

Nyasani akarukia kibodi. Akarudisha makosa ya Haron, herufi kwa herufi. Kisha akaona. Kwenye mashine sasa kuna 2.10. Hata ukilinganisha kama maneno, 2.11 inaipita. Akaitafuta 2.9 airudishe.

Haikuwepo.

"Chomoa waya," Madam akasema. Wakachomoa.

Kazi alipewa. Akaikataa. Imagine, miaka minne! Siku hizi anachuma chai kwao Gesima, hana simu, hana laptop. Ijumaa iliyopita alipima majani, na mizani ya buying centre ikamtolea risiti kama kawaida. Jina lake. Kilo kumi na nne.

Chini kabisa, pale ambapo huwa hakuna kitu: 2.11.

Neno "inasubiri" halikuwa hapo.