Meno Thelathini na Moja kutoka Kilambo

Jumatatu, 12 Juni 1972. Saa 4:10 asubuhi. Ufukoni.

Muhidini alifunga mlango wa chumba cha nyuma cha mgahawa wa dada yake. Akasogeza vikombe. Akaweka gunia juu ya meza na kulifungua: bunduki ndefu, imejaa matope.

"Fundi. Hii ni nini?"

Alawi hakuigusa kwanza. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, fundi wa majiko ya mafuta na baiskeli huko Mikindani. Kabla ya hapo alikuwa fundi wa silaha. Vita vya Burma alivimaliza akiwa na Waingereza, na miaka ya karibuni alifanya kazi kambini kwa wapigania uhuru wa ng'ambo ya Ruvuma. Mkewe, Zuhura, alikuwa amefariki miezi miwili iliyopita. Tangu siku ya maziko alikuwa anakula akiambiwa kula, anakuja akiitwa. Alikuja kwa sababu Muhidini alimwita.

"Ya Kirusi," alisema.

"Una uhakika?"

Alawi alisugua matope juu ya chemba kwa kidole gumba. Nyota ikatokea, na ndani yake mshale. Chini ya nyota, 1938. Akainua mkono wa komeo la kuingizia risasi. Ulikataa. Akaupiga kwa kiganja, ukafunguka.

"Nyota ni alama ya kiwanda. Tazama komeo. Namba ya zamani imepigwa mstari, mpya imechapwa kando. Imepigana vita vyao, ikatengenezwa upya, ikapakwa grisi, ikalala stoo. Vita vikaisha, zikawa nyingi, wakazigawa. Kambini tulizitoa kwenye masanduku."

"Mimi nimeitoa kwenye matope," alisema Mgeni, dereva wa lori, akicheka peke yake. "Mdomoni mwa mto. Mtumbwi ulipinduka. Wenyewe hawakuifuata."

"Risasi?"

Mgeni akasukuma kopo. Risasi kumi na tatu, ndefu, zenye ukingo kitakoni. Alawi aliziangalia moja moja. Nne alizitupa pembeni.

Muhidini alichovya kidole kwenye chai, akachora barabara juu ya meza.

"Jumatano. Landrova inatoka Kilambo asubuhi. Imebeba meno ya tembo yaliyokamatwa kwa majangili. Thelathini na moja. Dereva mmoja, askari wa wanyamapori mmoja. Kabla ya Mtawanya kuna kona ya mchanga, gari lolote pale linatambaa. Fundi anapiga gurudumu la mbele. Tunapakia kwenye lori. Saa sita tuko mikokoni Msimbati, boti ya injini inasubiri."

"Askari akipiga?"

"Bunduki yake hufungiwa nyuma ya kiti. Mwenyewe husema hapa hapa akinywa chai."

"Watu wasiguswe," Alawi alisema.

"Nani kasema waguswe?"

Alipotoka, Mwaisha, dada yake Muhidini, alimfuata hadi uani. Alikuwa shoga wa marehemu Zuhura.

"Shemeji, usiende. Kaka yangu hakutafuti kwa shabaha. Anatafuta mtu wa kuachiwa kesi."

"Nimekusikia."

"Basi?"

Alawi aliigeuza baiskeli yake. Akaipanda.

Saa 8:30 mchana. Shamba bovu, nje ya Mtawanya.

Walimpimia hatua themanini. Mgeni akachora duara la chokaa kwenye kichuguu. Alawi alilala kifudifudi, akabana kitako begani, akavuta pumzi na kuitoa nusu.

Mlio ulikuwa mzito, wa zamani. Kitako kilimpiga bega kama teke la punda. Kunguru wakaruka. Alingoja moyo ustuke. Haukustuka. Alikuwa amefikiri labda hiyo ndiyo ingekuwa dawa.

Akapiga ya pili na ya tatu. Matundu yote matatu yalikaa karibukaribu, nje ya duara.

"Umekosa," Muhidini alisema.

"Sikukosa. Singe yake, kisu cha mdomoni, haipo. Hizi zilisawazishwa singe ikiwa mdomoni. Bila singe inakwenda pembeni, shibiri moja kwa umbali huu. Unalenga pembeni yake, inakuja yenyewe."

Muhidini hakuwa anasikiliza. Alikuwa anatazama barabara.

Alawi akapiga ya nne. Katikati ya duara.

Jumatano. Saa 3:50 asubuhi. Kona ya mchanga.

Lori la Mgeni lilifichwa nyuma ya mikorosho. Alawi alilala kwenye majani. Muhidini alichuchumaa kando yake, panga mapajani.

"Wewe huogopi?" Muhidini aliuliza.

"Sijui."

Saa 4:25.

Injini ilisikika kabla gari halijaonekana. Landrova iliingia kwenye mchanga, ikashusha gia, ikaanza kutambaa. Alawi alilenga pembeni ya gurudumu. Akavuta.

Gurudumu lilipasuka. Gari likakwangua mchanga, likasimama limeinama. Dereva aliruka, akatokomea vichakani bila kugeuka. Askari alishuka upande wa pili, mikono juu. Kijana mnene, kofia imemkaa vibaya. Athumani Nampoto, mteja wa chai ya kila asubuhi pale mgahawani Ufukoni.

Muhidini alikuwa tayari ameinuka. Askari alimtazama. Mikono ikashuka kidogo.

"Muhidini?"

Muhidini alijificha uso kwa mkono.

"Muhidini, ni wewe?"

"Piga," Muhidini alisema.

"Sipigi," Alawi alisema.

"Ananijua. Piga!"

"Nilisema watu wasiguswe."

Athumani alielewa kabla yao. Akageuka, akakimbia. Muhidini alimpokonya Alawi bunduki. Aliling'ang'ania komeo, akalitukana, likafunguka, likafunga. Akalenga katikati ya mgongo, sawasawa. Akapiga.

Askari alianguka kwenye majani, upande upande.

Mgeni alitoka mbio na lori. Alipoona, akasimama. "Umeua mtu?"

"Pakia!"

"Mkataba haukuwa huo."

"Pakia, Mgeni!"

Walipakia wawili. Alawi alibaki amekaa palepale. Meno yalikuwa mazito, na mchanga ulikuwa mlaini. Walipofikisha kumi na nne, Mgeni alikataa kuendelea. Alipanda, akawasha injini. Muhidini alitupa bunduki miguuni mwa Alawi, akarukia ngazi ya lori.

"Mtwara nzima nani anaijua bunduki ya Kirusi, fundi? Wewe. Kimbilia porini."

Lori likaondoka. Vumbi likachelewa kutua.

Saa 4:50.

Alawi aliinuka akaenda kumtazama maiti. Maiti alikuwa anapumua. Risasi ilikuwa imekwenda pembeni, ikapita sehemu ya juu ya mkono wa kushoto, ikavunja mfupa.

"Usinimalize," Athumani alisema.

"Nyamaza."

Alivua shati, akalichana, akafunga mkono juu ya jeraha. Akakaza kwa kijiti. Kisha akalitazama gari. Jeki ilikuwepo. Spana ilikuwepo. Gurudumu la akiba lilikuwa na upepo.

Alichimba mchanga kwa mikono, akaweka ubao chini ya jeki. Nati ya tatu ilikuwa imeshika. Aliikanyaga spana kwa mguu mpaka nati ikakubali. Alifanya kazi polepole, kama dukani kwake. Alipomaliza, alimburuta Athumani hadi kiti cha mbele. Bunduki aliiweka nyuma, pamoja na meno kumi na saba yaliyobaki.

Saa 5:40. Barabara ya Mtwara.

"Ungeniacha tu," Athumani alisema. Midomo yake ilikuwa myeupe.

"Ndiyo."

"Hakuna aliyekuona ila mimi."

"Najua."

"Basi kwa nini?"

Alawi alibadilisha gia. "Gurudumu la akiba lilikuwepo," alisema.

Athumani alianza kucheka, maumivu yakamkatiza. Baadaye akasema, "Wataniuliza."

"Sema ulichoona."

"Nitasema gurudumu ulilipiga wewe."

"Nililipiga mimi."

Saa 6:15. Hospitali, Mtwara.

Wauguzi walimpokea Athumani kwa machela. Mmoja, Hadija, alimgeukia Alawi, aliyekuwa kifua wazi, damu hadi kwenye viwiko.

"Wewe ni nani wake?"

"Mimi ndiye niliyelipiga gari lake risasi. Bunduki iko nyuma. Naomba pa kukaa, niwangoje polisi."

Hadija alirudi nyuma hatua moja. Halafu akamwonyesha benchi.

Saa 9:00 alasiri.

Sajenti alifika na askari wawili. Athumani alikuwa ametaja majina yote. Lori lilikutwa Msimbati, limezama kwenye tope la mikoko, Mgeni peke yake ndani, amefungwa na Muhidini kwa kamba kwenye usukani. Boti ilikuwa imeondoka na meno na Muhidini. Alivuka Ruvuma, na hakuna tena aliyeleta habari zake.

"Kwa nini hukukimbia?" sajenti aliuliza.

Alawi alinyoosha mikono, pingu zikafungwa. Sajenti akafungua daftari. Jina. Makazi. Kazi. Alijibu yote.

"Una mtu wa kuarifiwa?"

Alawi aliitazama kalamu ya sajenti.

"Nilikuwa naye," alisema. "Mke wangu. Amefariki, mwezi wa Mfunguo Tano."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka kwa kinywa chake. Akainamisha kichwa.

Sajenti aliandika: Hakuna.