Mmea wa Machimboni

Asubuhi ile mvua ilikuwa imeachia kidogo, na wale dada wawili walitoka nyumbani kama walivyotoka asubuhi nyingine zote za masika: mkubwa mbele na kapu lake mgongoni, mdogo nyuma na mdomo wake. Mtaani mkubwa walimwita Kapu, kwa kuwa hakuna aliyepata kumwona bila kapu. Mdogo walimwita Chiriku, na hilo halikuhitaji maelezo.

Riziki yao waliitoa porini. Masika walichuma mnavu, mgagani na uyoga, wakauza sokoni kabla jua halijawa kali. Baridi ikiingia walikusanya maua na majani ya dawa ya kifua. Kiangazi walipanda milimani kuokota kunazi na kubandua magome ya kuchemsha, upande mmoja tu wa shina, ili mti upate kupona. Kapu alikuwa na sheria moja aliyoirudia hadi ikawa kero: mzizi hauchimbwi.

"Jani ukilichuma, mmea unakusamehe," alikuwa akisema. "Mzizi ukiung'oa, umeua."

"Haya, mwalimu," Chiriku alikuwa akijibu. "Na mtihani ni lini?"

Nyumbani walimwacha mama yao kitandani. Miguu yake ilikuwa imegoma tangu mwaka uliotangulia. Hospitali walimpima, wakampa vidonge, wakampima tena, mwishowe nesi mmoja akawavuta pembeni na kuwaambia kwa upole wamtunze tu.

Siku ile walikwenda kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa, nje kidogo ya mji, ambako udongo hukaa na unyevu na uyoga huota kwa fujo. Chiriku akazunguka nyuma ya jiwe kubwa. Kapu alikuwa ameinamia mnavu, akimsikia mdogo wake akiendelea kama redio: habari za harusi ya jirani, na bwana harusi aliyeazima viatu vikambana hadi akacheza muziki kwa visigino. Kapu alicheka peke yake.

"Dada," ile sauti ikasema. "Njoo uone uyoga huu. Una me..."

Ikakatika.

Kapu alingoja neno limalizike. Halikumalizika. Akaita. Kisha akazunguka jiwe.

Nyayo za Chiriku zilikuwa wazi kwenye udongo uliolowa. Zilikwenda hadi katikati ya uwanja mdogo, zikasimama sambamba. Hazikuendelea mbele. Hazikurudi.

Mtaa mzima ulitafuta. Polisi walileta mbwa. Mbwa wale walifika kwenye nyayo zile, wakalala chini, wakakataa kuinuka hata walipovutwa kwa kamba.

Masika yalipokaribia kwisha, Kapu alirudi pale. Moyo ndio uliompeleka, si kapu. Mahali nyayo zilipokuwa zimesimama palikuwa pameota mmea. Kapu, aliyeweza kutaja jani kwa kulipapasa tu, hakuujua. Majani yake yalikuwa manene, ya kijani kilichoiva, yenye vinyweleo laini. Alivunja moja akanusa. Lilinuka mafuta ya nazi na jasho la utosini, harufu ya nywele za Chiriku akiamka asubuhi.

Akalitupa, akaondoka mbio.

Alipoingia chumbani, mama yake alikuwa amegeuza uso mlangoni, akimngoja.

"Mbona umemwacha?" mama akauliza.

"Nimemwacha nani, mama?"

"Kamchume."

Kapu hakuwa amemwambia mtu yeyote. Siku ile mama alikataa chakula. Kesho yake akakataa hata maji. Kapu alijaribu kumdanganya kwa mgagani wa sokoni. Mama alionja, akautema kwenye kiganja, akautazama.

"Huyu siye," akanong'ona.

Ukimtazama mama yako anakauka mbele ya macho yako, utafanya nini? Kapu alikwenda. Alichuma machache, akayapika kwa chumvi. Mama alikula yote, akalamba sahani. Asubuhi iliyofuata Kapu alimkuta ameketi.

Baridi ilipoingia, mmea ule ulitoa maua meupe, na mama alikuwa anatembea. Fundi viatu, ambaye kibanda chake kiliegemea ukuta wa chumba chao, aliangusha nyundo alipomwona akipita barabarani na ndoo.

"Mama, ukikimbia hivyo soli zitakwisha!" akamtania.

Mama akacheka. Kapu aliyekuwa anafua uani akaacha kufua. Kicheko kile hakikuwa cha mama. Kilipanda juu, kikavunjika katikati, kikamalizia na kikohozi kidogo. Alikuwa amekisikia miaka yote, nyuma ya mgongo wake, kwenye njia za porini.

Tangu hapo mama, aliyekuwa mtu wa maneno ya kuhesabika, akawa hanyamazi. Alisimulia habari za harusi. Alisimulia habari za viatu vya kuazima. Jioni moja, jua likiwa bado juu ya mapaa, alikuwa akimsuka Kapu nywele, akiongea na kuongea, vidole vikienda haraka. Ghafla vidole vikasimama.

"Una meno," mama akasema.

"Nini?"

"Ule uyoga, dada. Una meno."

Akaendelea kusuka.

Kapu alimweleza fundi viatu. Hakuwa na mwingine wa kumweleza. Fundi alimsikiliza, sindano mkononi, kisha akatikisa kichwa kwa huruma. "Dada yangu, msiba umekuelemea. Mgonjwa amenyanyuka, na wewe unalia? Mshukuru Mungu." Na kweli, angesema nini? Mama alikuwa amenenepa na mashavu yamerudi. Kila aliyepita alimpa Kapu hongera. Kila hongera ilimwingia kama mwiba.

Kiangazi kilikuja kikali. Mmea ukapukutika jani kwa jani. Mama akaanza kushika kuta akitembea, kisha akaanza kutambaa, kisha akarudi kitandani.

"Majani yamekwisha, mama," Kapu akamwambia. "Sina la kufanya."

"Mzizi upo."

"Mama, siwezi."

"Chimba," mama akanong'ona. "Chimba, mwanangu. Ninakufa."

Kapu alichukua jembe dogo, akaenda mchana kweupe. Njiani alikuwa na nia mbili na hakujua ipi ni ya kweli: kumpelekea mama mzizi, au kuung'oa na kuuchoma moto yaishe. Udongo ulikuwa umekauka kama tofali. Alichimba hadi magotini. Mzizi ukatokea. Ulikuwa mweupe, mrefu, na haukuwa mmoja. Ilikuwa mitatu iliyopishana vizuri, ikasukwa. Akaugusa.

Ulikuwa na joto.

Akainua jembe.

"Dada," sauti ikasema kutoka chini. Ndogo. Karibu sana. "Taratibu. Unaniumiza."

Jembe likamponyoka. Akalala kifudifudi, sikio kwenye udongo. Akaita jina la nyumbani la mdogo wake, lile asilolijua mtu wa mtaani. Akaufukua mzizi kwa kucha. Ule msuko mweupe ukatetemeka, na kutoka chini akasikia mtu akivuta pumzi kwa meno, kama anayekandwa kidonda. Akaacha. Akichimba, anamuumiza huyu. Asipochimba, anamuua yule. Alikaa pale na mikono yenye udongo, mtu mzima, mjuzi wa kila jani, akilia kwa kwikwi kama mtoto aliyepotea sokoni.

Mwishowe akafukia. Akamwagia maji yake yote ya kunywa. Akarudi nyumbani kusema ameshindwa.

Kitanda kilikuwa kitupu.

Kutoka mlangoni, kwenye vumbi, kulikuwa na mburuzo wa mwili uliojivuta kwa viwiko. Fundi viatu alikuwa kibandani tangu asubuhi. Hakuwa ameona mtu. Wakaufuata pamoja. Ulipita barabarani, ukapita nyuma ya nyumba za mwisho, ukaingia machimboni kwa njia nyingine, ukazunguka jiwe.

Udongo pale ulikuwa umesawazishwa, laini, kama umepigwa na kiganja. Katikati palitokeza ncha ya mtandio wa mama.

Kapu aliushika akavuta. Mtandio ukaja kidogo. Kisha, kutoka upande wa pili, ukavutwa. Haukuvutwa kwa nguvu. Ulivutwa kwa upole, kama mwenzio kitandani anavyovuta shuka usiku wa baridi. Fundi aliona.

Kapu akaachia.

Mtandio ukaingia ardhini polepole, ukaisha.

Waliporudi na watu na masepetu, walichimba hadi mwamba. Hawakukuta kitu, hata mzizi.

Kapu alihama. Alipata kazi ya kupiga pasi katika mji mwingine, kwenye chumba cha ghorofani, na anayemjua anasema hali kitu chochote cha kijani. Alimwachia fundi viatu ufunguo, auze vitu vilivyobaki, kwa bei yoyote.

Fundi aliuza masufuria. Aliuza meza. Kitanda cha mama alikipatia mnunuzi, nao wakashika pande mbili kukiinua. Hakikuinuka. Wakajaribu tena, wakidhani kimenasa kwenye nyufa za sakafu. Mnunuzi akapiga magoti, akainua pembe ya shuka kuchungulia, akatoka nje bila kuaga.

Fundi akainama mwenyewe. Kila mguu wa kitanda ulikuwa umetoa mizizi, myeupe, mitatu mitatu, iliyosukwa vizuri, ikapasua saruji na kushuka chini.

Kitanda chenyewe kilikuwa cha chuma.