Unyayo wa Kushoto

Jua lilikuwa limekwisha kuwapa kisogo watu wa Mkuyuni Salum alipofika, yeye akiwa ameibeba baiskeli badala ya baiskeli kumbeba yeye.

Mpira wa nyuma ulipasuka Kiroka. Akauziba. Ukapasuka tena. Akauziba kwa gundi, kwa uzi, na kwa matusi ambayo hakuyatumia tangu alipoacha kubeba pembe za ndovu kutoka Ujiji hadi Bagamoyo. Mpira ukakubali, lakini kilima kikakataa. Mzee wa miaka hamsini na chuma begani, matope magotini: hata nyani wa Uluguru waliacha kula wakamtazama.

Ulikuwa mwaka wa nne tangu reli ya Mdachi ifike Morogoro. Baiskeli hiyo ilikuja kwa reli hiyo, mali ya Rahemtulla mwenye duka la nguo, aliyemwajiri Salum kupeleka barua na vitambaa vijijini. "Wewe umetembea nchi nzima kwa miguu," Rahemtulla alimwambia siku ya kwanza, "sasa tembea kwa makalio."

Haikuwa na breki. Kwenye mteremko Salum aliuondoa mguu wa kushoto kwenye kanyagio na kukandamiza soli juu ya mpira wa mbele, moshi ukitoka, mbwa wakibweka. Ndiyo maana kubazi lake la kushoto lilikuwa limechimbika mfereji katikati, kutoka kidole gumba hadi kisiginoni. Alipokanyaga udongo laini, unyayo wake ulibaki na tuta katikati kama mshipa. Watoto wa Morogoro waliujua. "Salum kapita hapa," walisema.

Padri mmoja wa misheni ya Matombo, Mfaransa, aliwahi kumwambia kwamba kwao watu hupanda baiskeli vilimani kwa kujifurahisha tu. Kijiji hadi kijiji, kutazama makanisa ya kale na kuta zilizobomoka. Salum alimkodolea macho, akamuuliza kwa adabu kama amekwisha kumeza dawa yake ya homa.

Leo dawa ya homa alikuwa nayo yeye. Vidonge kumi vya kwinini, ndani ya kikopo, kikopo ndani ya kitambaa, kitambaa kiunoni. Jana Alois, mchukuzi wa misheni aletaye machungwa mjini, alimfuata dukani. Hakutania kama siku zote.

"Mzee Salum, binti yako Paskalia, kule Matombo, hajui watu. Siku ya tatu leo. Mumewe yuko kwenye kazi ya reli huko Tabora. Amebaki yeye na mtoto tu."

Paskalia alikuwa mtoto wake pekee. Mama yake, Regina, alikufa zamani, na kwa desturi ya Waluguru mtoto akabaki kwa ukoo wa mama. Salum akabaki na njia. Katika miaka ishirini na mbili alikwenda kumwona mara tatu. Alikuwa na hadithi ya kuchekesha kwa kila mji kati ya Ujiji na Unguja, ila hakuwa na mji.

Kando ya njia bibi kizee mmoja alikuwa akikusanya ndizi zake zilizokosa mnunuzi. Kila msafiri wa njia ile alimjua: Bibi Magdalena.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hilo dude limekuchosha, au umelichosha?"

"Tumechoshana, bibi. Kama mke na mume."

Bibi akacheka kidogo, kisha akatazama ukungu unaoteremka mlimani, akaacha kucheka.

"Lala hapa, mwanangu."

"Siwezi. Binti yangu anaumwa. Dawa ninayo mimi."

Bibi Magdalena akaushika usukani kwa mkono uliokauka kama kuni.

"Mbele utaona mawe mawili ya kusagia, moja kila upande wa njia. Hapo ni mahame. Kilikuwa kijiji, ndui ikakimaliza chote. Mahame yanaishia kwenye kijito. Kati ya mawe na kijito, usikanyage chini. Yuko anayechota nyayo."

Salum alilijua jambo hilo. Kila mtu analijua. Mchawi akichota udongo ulioukanyaga, mguu huo si wako tena.

"Basi nimesalimika," alisema. "Juu ya hili dude sina unyayo. Leo ndiyo nimeona faida yake."

Bibi hakucheka.

"Hatakuita jina," alisema polepole. "Hatakutisha. Atakuomba utu."

*

Ukungu ulimmeza kabla hajafika mbali.

Mawe aliyaona. Makubwa, yamelika katikati kwa kusagiwa miaka na miaka, yamejaa maji ya mvua. Baada yake mteremko ulianza. Huku na huku migomba iliyokosa mwenyewe. Mafiga matatu matatu kwenye nyasi, mahali palipokuwa majiko. Ukuta wa udongo wenye mlango, bila nyumba nyuma yake.

"Padri angefurahi," Salum alinong'ona. "Vya kale vyote hivi, bure."

Sauti yake ilirudi kwake peke yake.

Kisha akasikia harufu. Majivu yaliyonyeshewa. Kama jiko lililozimwa sasa hivi... na hapa hapakuwashwa moto miaka kumi.

Krr... krr... krr...

Mnyororo, alijiambia. Mnyororo unataka mafuta.

Krr... krr...

Lakini mnyororo ulikuwa chini ya miguu yake, na sauti ilikuwa nyuma. Ilikuwa sauti ya jiwe juu ya jiwe. Mtu anasaga.

Hakugeuka. Alianza kuimba wimbo wa wapagazi, ule wa kumcheka msimamizi mwenye kitambi, akasahau maneno katika ubeti wa pili.

Ndipo akamwona.

Mwanamke mzee, amechutama ukingoni mwa njia, kaniki imemlowa mwilini. Mbele yake kapu kubwa lililofunikwa majani ya mgomba. Hakuinua uso.

"Nitwike, mwanangu."

Salum akapita.

Alipita, naam. Miguu ikizunguka, kijito akikisikia tayari kule chini. Alikwisha pita hatua ishirini, thelathini...

"Nitwike."

Haikuwa kwa sauti ya juu. Ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kupitwa.

Kuna sheria moja tu ambayo wapagazi hawakuandikiwa na mtu. Mzigo mzito mtu hajitwiki peke yake kichwani. Akiomba kutwikwa, humpiti. Awe adui yako, awe mdeni wako, unasimama, unamtwika, ndipo mnaendelea na ugomvi. Salum aliivunja mara moja maishani, nyika ya Mpwapwa, msafara ukikimbilia maji. Mwenzake mmoja alikuwa amekaa chini kando ya pembe yake. Nitwike, Salum. Na Salum alitazama mbele. Usiku ule kambini walisikia fisi, na Salum alisema mizaha mingi kuliko siku zote.

Na je, kama ni bibi wa watu kweli? Kizazi gani kinamwacha mzee njiani, giza linaingia, chui wakiamka? Na Paskalia naye, huko aliko peke yake, akiomba maji na watu wakipita mlangoni?

Akainua mguu wa kushoto, akaukandamiza juu ya mpira. Harufu ya ngozi ikiungua. Baiskeli ikasimama.

Akakanyaga chini.

Mguu mmoja tu. Wa kulia aliuacha kwenye kanyagio, kama mtoto anayedhani akifumba jicho moja haonekani.

Bibi alikuwa tayari yuko pembeni yake. Zile hatua thelathini, Salum hakumwona akizitembea.

"Ahsante, baba. Wengine hawasimami."

Salum alishika ukingo wa kapu kwa mkono mmoja, akijiandaa kwa uzito. Karibu aanguke. Kapu lilikuwa jepesi. Jepesi kama kifuu. Mtoto wa miaka mitano angejitwika.

Majani yakasogea.

Ndani mlikuwa na vipande vya udongo, vimepangwa kwa uangalifu kama mikate. Kila kipande kina kisigino. Kila kipande kina vidole. Vikubwa. Vya wanawake. Kimoja kilikuwa kidogo kama kiganja.

Akalitua kichwani mwa bibi bila kujua amefanyaje.

"Unakwenda kwa nani?" bibi aliuliza, kwa upole kabisa.

"Kwa binti yangu. Matombo." Jibu lilitoka kabla hajalikamata. Adabu ya njiani ni ugonjwa.

"Ana watoto?"

"Mmoja. Bado hajatembea."

"Bado," alisema bibi. Alilisema kama mtu anayeonja mchuzi. "Bado..."

Salum alikanyaga baiskeli. Aliingia kijitoni na magurudumu yote, maji yakampiga usoni, akatoka upande wa pili. Hapo ndipo alipogeuka.

Kapu lilikuwa chini. Bibi amechutama pale pale aliposimama yeye, na vidole vyake vilikuwa vikizunguka udongo, taratibu, kama mtu anayeinua andazi bila kulivunja.

*

Aliwasili Matombo watu wakila chakula cha jioni. Paskalia alikuwa amelala kwenye mkeka, midomo imepasuka, mtoto Fransisko akitambaa juu yake akitafuta ziwa. Hakumjua baba yake. Salum alimmezesha kidonge, akamlisha uji kwa kijiko, akambeba mjukuu mgongoni kwa kanga na kumwimbia wimbo wa msimamizi mwenye kitambi. Safari hii maneno yote aliyakumbuka.

Alfajiri Paskalia alifumbua macho.

"Baba? Umekuja lini?"

"Jana. Nimekuja kwa makalio."

Akatabasamu. Homa ilikuwa imeshuka. Salum alitoka nje haraka kunawa uso, maana mzaha wake ulikuwa umeanza kumtoka machoni.

Uani kulikuwa na udongo laini wa mvua. Alama ya mpira wa baiskeli ilionekana wazi, imetoka njiani hadi ukutani. Na kando yake...

Nyayo.

Za mguu wa kushoto. Wa kushoto, wa kushoto, wa kushoto. Hakuna wa kulia. Katikati ya kila mmoja udongo umeinuka kama mshipa.

Zilitoka njiani, zikafuata baiskeli, zikafika mlangoni kwa Paskalia. Hapo zikasimama.

Salum alitazama ndani ya nyumba. Binti yake alikuwa akimnyonyesha mwanawe na kumchekea, akiwa hai. Angeanzia wapi? Maisha yake yote hofu aliifunika kwa mzaha. Hii aliifunika kwa ufagio. Alifagia ua mzima mpaka njiani, na Paskalia akacheka mlangoni.

"Jamani, baba! Tangu lini?"

"Tangu leo," alisema Salum.

Alikaa siku nne. Alirudi mchana kweupe, pamoja na Alois na wachukuzi wengine wa misheni. Pale kwenye mahame palikuwa na shimo dogo njiani, kingo zake safi, umbo lake la mguu, limejaa maji. Alois aliliruka bila kuliona. Tangu siku hiyo mguu wa kushoto wa Salum ukawa wa baridi. Akiukandamiza juu ya mpira, moshi ulitoka, na yeye hakusikia moto.

*

Miezi miwili ilipita. Jioni moja Alois aliingia dukani na kapu la machungwa, uso umechangamka.

"Mzee Salum! Salamu zako kutoka kwa Paskalia. Mzima kabisa, analima. Anakushukuru sana."

"Kwa dawa? Ile ilikwisha zamani."

"Kwa kuja! Anasema hajawahi kuwa na baba kama sasa. Kila magharibi anasikia hatua zako uani, ukirukaruka kwa mguu mmoja kama unavyotania watoto. Ila anauliza kwa nini huingii, mvua inakunyeshea."

Rahemtulla aliinua kichwa kwenye vitambaa vyake. Kila magharibi Salum alikuwa hapa, akifunga milango ya duka pamoja naye.

"Alois," Salum alisema taratibu. "Mimi sijatoka Morogoro."

"Aa, mzee na mizaha yako!" Alois alicheka, akajipiga paja. "Basi na yule bibi uliyemleta ni mzaha pia? Paskalia amenionyesha. Bibi mpole, hasemi sana. Alimtua kapu lake mlangoni, akamkaribisha. Ndiye anayemsaidia kusaga. Usiku kucha anasaga, yule bibi."

Salum hakusikia duka tena. Alisikia jiwe juu ya jiwe.

"Mtoto," alisema. "Fransisko."

"Mkubwa! Ameanza kusimama. Anashika ukuta, anasimama hivi, anacheka. Paskalia anataka kumtandikia majani uani asianguke, lakini bibi amemkataza. Amefagia yeye mwenyewe, akamwagia maji, udongo umekuwa laini kama unga. Anakaa hapo kutwa nzima, anamnyoshea mikono..."

Kikombe cha Rahemtulla kilianguka. Salum alikuwa amekwisha toka, ameikamata baiskeli ukutani bila kuomba, bila taa, bila kofia.

"Salum! Sasa hivi? Giza hilo!"

Alipanda, akainamia usukani kuelekea barabara ya Matombo. Mvua ya alasiri ilikuwa imelainisha njia, na katika mwanga wa mwisho aliziona mbele ya gurudumu lake. Wa kushoto, wa kushoto, wa kushoto. Mbichi. Maji yalikuwa bado yanajikusanya visiginoni.

Zilikuwa zimemtangulia.