Mshono Namba Kumi na Nne

"Namba kumi na nne ni ya nani?!"

Karakana nzima ikageuka. Mashine zikazimwa moja moja.

Nyie! Namba kumi na nne ni mimi!

Msimamizi wa mafunzo alishika kipande cha bomba mkono huu, picha ya eksirei mkono ule. Mshono wa kuchomelea ulikuwa na ufa kwa ndani, mrefu kama kidole.

"Huu ni wa tatu," akasema.

Ngoja niwaeleze, nisije nikawaacha njiani. Nilikuwa ugenini, mwaka wa pili wa mafunzo ya kuchomelea mabomba. Kule kila mwanafunzi ana muhuri wake wa chuma wenye namba. Ukimaliza mshono, unagonga namba yako pembeni kwa nyundo, ndipo mshono upigwe picha. Mshono usio na namba ni kama umefeli. Ukifeli mara tatu, mkataba basi, kibali cha kuishi basi, unafunga virago.

Mimi nilishafeli mara mbili. Na kule nyumbani mama alishatangazia mtaa mzima kwamba bintiye ni fundi!

"Umegongwa lini huo?" nikauliza.

Akaangalia karatasi. "Ijumaa asubuhi."

Ijumaa! Ijumaa nilikuwa nimelazwa kliniki, macho yamefunikwa bandeji, na niliruhusiwa asubuhi ile ile ya kuulizwa. Alhamisi niliwasha moto kabla ya kushusha ngao ya uso, mwanga ukanipiga machoni. Mwenye kujua ule moto anajua. Unahisi umejazwa mchanga machoni.

"Si mimi! Sikuwepo!"

"Muhuri wako uko wapi?"

Nikatia mkono mfukoni... hamna! Mfuko wa pili... hamna!

Nikasikia sauti nyuma yangu.

"Huu hapa, mdogo wangu. Ninao mimi."

Shangazi!

Si shangazi wa damu. Ni msichana tuliyetoka naye nyumbani ndege moja, tukapangiwa chumba kimoja. Kanizidi miaka miwili tu, ila ana mambo ya kishangazi: umekula? umevaa soksi nzito? mbona unakohoa? Nikamwita hivyo mpaka wenyeji wasiojua lugha yetu nao wakamwita hivyo hivyo.

Mkono wake ulikuwa wa dhahabu kwenye chuma. Ila lugha ya kule ilimpiga chenga kabisa. Dukani, hospitali, ofisini, mdomo wake ulikuwa mimi.

Nikamtazama. Damu ikachemka. Kumbe kaharibu kazi akanigongea namba yangu!

Tukaitwa ofisini. Msimamizi akauliza, mimi nikatafsiri.

"Anauliza, ulitumia muhuri wangu?"

"Ndiyo, niligonga mimi. Lakini mdogo wangu, si unajua? Hukumbuki Alhami..."

"Jibu ulichoulizwa!"

Akanitazama muda mrefu.

Nikamgeukia msimamizi. "Anasema ndiyo."

Basi. Hilo tu ndilo nililotafsiri.

Kule kutumia muhuri wa mwenzako ni kosa la kufukuzwa siku hiyo hiyo. Akaletewa karatasi. Akaniuliza, "Nisaini?" Nikamwambia, "Saini." Akasaini... hakubisha hata kidogo.

Ule mshono ukafutwa kwenye hesabu yangu. Nikabaki na makosa mawili. Siku ile alipofungasha, nilikaa kitandani nimempa mgongo. Aliacha soksi zake nzito juu ya mto wangu. Nikazitupa sakafuni!

Wiki iliyofuata mkufunzi wetu, mzee tuliyemwita Babu, akarudi kutoka likizo. Akalikuta lile bomba mezani. Akaligeuza dirishani, akapapasa mshono kwa kidole.

"Kwa nini mmemfukuza yule binti?"

"Aliharibu kazi akagonga namba yangu," nikasema, kifua mbele.

"Kazi hii si yake. Ona mistari inakolalia. Huyu aliyechomelea anatumia mkono wa kushoto."

Akaniangalia mkono.

Jamani... karakana ile ina mtu mmoja tu wa mkono wa kushoto.

Ndipo Alhamisi ikanirudia. Mshono wa mwisho. Nimewasha moto ngao ikiwa juu, macho yanawaka, nimeumalizia kwa kubahatisha. Nikatupa kila kitu juu ya meza nikakimbilia kwenye bomba la maji kunawa. Sikugonga namba! Muhuri niliuacha pale pale.

Shangazi aliukuta Ijumaa asubuhi. Akajua bila namba nimefeli. Akanigongea, akaniwekea muhuri mfukoni mwake usipotee.

Nilikimbia ofisini nalia. Nikaeleza yote, hata tafsiri niliyoikata.

Msimamizi akanisikiliza mpaka mwisho. "Hata kama mshono ni wako, kosa lake ni kugonga muhuri wa mwingine. Amekiri na amesaini. Kibali kimeshafutwa."

"Basi nifukuzeni na mimi!"

"Mshono umeshafutwa. Faili limefungwa. Rudi kazini."

Nikasimama pale kama mjinga. Hata adhabu nilinyimwa.

Nikampigia simu. Nilitegemea matusi, niliyataka.

"Shangazi... mshono ulikuwa wangu."

"Najua."

"Mimi sikujua! Wallahi sikukumbuka!"

"Mimi nilidhani unakumbuka," akasema taratibu. "Nilidhani umeamua mmoja wetu abaki, ukachagua wewe. Nikasema sawa, ndiyo maana nikasaini."

Nililia mpaka simu ikalowa.

Akaniachia nilie. Kisha akauliza, "Macho yako yamepona?"

Wasomaji wangu, nilimaliza mafunzo. Nina cheti, nina kazi, mama anatamba mtaani. Shangazi yuko nyumbani. Mkono wake ulinizidi mara kumi, na hana karatasi hata moja.

Ninachowaomba ni hiki. Ukihisi mwenzako kakuumiza, mkalishe chini muulize, mkiwa wawili, kabla hujafungua mdomo ofisini. Na akisema "lakini", mwache amalizie!

Kazini waliniachia muhuri ule ule, bado nagonga namba kumi na nne kila siku. Kila nikiinua nyundo, namsikia akianza kusema, "Hukumbuki Alhami..."