Mwanamke Hewa wa Oregon

"Una mwanamke?"

"Ndiyo."

"Wewe, Orrin Petty, una mwanamke?"

"Yuko Oregon." Orrin aliinamia kikombe chake cha kahawa kama anatafuta kitu ndani. "Ananisubiri. Nilipaswa kukuambia mapema."

Verlene Stroud alisimama mbele ya trela la Orrin, jua la asubuhi la Arizona likimpiga usoni. Sauti yake haikutetemeka.

"Anaitwa nani?"

Orrin akakoroga kahawa yake upya.

"Doris."

"Haya. Msalimie Doris. Mwambie amepata mwanaume anayejua kukaanga mayai, ila kusema ukweli kumemshinda."

Akageuka, akatembea hadi kwenye gari lake bila kuangalia nyuma. Machozi aliyazuia mpaka alipofunga mlango.

Niwaambie Verlene ni nani. Kule Nebraska alikuwa dereva wa basi la shule. Mumewe alipofariki, aliuza nyumba, akanunua gari refu, akafunga kitanda na jiko ndani yake, akaja jangwani peke yake bila kumjua mtu. Ardhi hii ni ya umma. Hakuna kodi, hakuna geti, na bomba la maji usilitafute. Unakaa unapopenda, ila wiki mbili zikiisha unahama, tena mbali. Wengi huja na madoido, upepo wa kwanza ukivuma wanarudi mjini. Verlene alijifunza kuoga kwa maji ya birika moja, kubadilisha tairi kwenye kokoto, na kuondoka mahali pakabaki kama hapajawahi kulalwa na mtu. Sisi tunaokuja kila majira ya baridi tulimvulia kofia.

Orrin alikuwa fundi wa piano aliyestaafu, mtaliki, mtu wa maneno machache. Walijuana siku upepo ulipolibeba turubai la Verlene, Orrin akalikimbiza kati ya madungusi, akalirudisha likiwa limejaa miiba na yeye pia. Verlene alimchomoa miiba mikononi mchana kutwa. Kuanzia hapo kahawa ya asubuhi ikawa ya watu wawili.

Wiki mbili zao zilipoisha, kila mmoja akahama kimya kimya. Verlene alipofika kambi mpya, akamkuta Orrin anatandaza paneli zake za sola.

"Unanifuata?" Orrin akauliza.

"Nikufuate wewe una nini? Nimekuja kwa bahati."

Safari iliyofuata Verlene ndiye aliyetangulia, na trela la Orrin likatokea jioni.

"Na wewe?"

"Bahati," akajibu Orrin, masikio yamemwiva.

Tulicheka mpaka basi. Bahati ilifanya kazi kweli majira yale.

Kisha Garrett akaja. Ni mtoto wa pekee wa Verlene, mhasibu huko Omaha, Nebraska, kaja na gari la kukodi na viatu vyeupe. Mkewe, Tabitha, alikuwa mjamzito.

"Mama, twende nyumbani. Chumba chako tayari, kina bafu lake."

"Mtoto akizaliwa nitakuja."

"Uje ukae, Mama. Sio uje utembee."

"Mimi hapa nimekaa, Garrett. Hukuona kiti?"

Alimbembeleza weee, Verlene hakutikisika. Lakini asubuhi ile ya Doris, alimkuta mwanawe anakunywa chai, akamwambia neno moja tu.

"Twende."

Garrett alimkumbatia. Verlene hakuona kwamba mwanawe alikuwa anakwepa macho yake.

Waliondoka wawili, Garrett mbele, Verlene nyuma na gari lake. Barabara ya vumbi ikaisha, lami ikaanza. Walipoingia kituo cha mafuta cha Gila Bend, simu ya Verlene, ambayo kule kambini huwa kama kipande cha ubao, ikaanza kulia mfululizo. Meseji zote zilitoka kwa Orrin.

"Verlene, nimepanda kilimani kutafuta mtandao. Hakuna Doris. Sina mtu Oregon. Doris lilikuwa jina la mbwa wangu."

"Garrett alinifuata. Alisema utamkosa mjukuu kwa ajili yangu, akaniomba nikuambie nina mwanamke mwingine. Nikaona nakutendea wema."

"Haukuwa wema. Uamuzi ulikuwa wako, tukakuibia."

"Nakupenda. Hili ndilo nililopaswa kusema pale, badala ya upuuzi ule."

Garrett alitoka dukani na vikombe viwili vya kahawa. Akamwona mama yake kasimama katikati ya maegesho, simu mkononi.

"Garrett, Doris ni nani?"

Kahawa moja ikamwagika kwenye kiatu.

"Mama, ngoja nikueleze..."

"Sijakuuliza maelezo. Ulimwambia adanganye?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Yule kijana mkubwa, mwenye suti zake na ofisi yake, akaweka vikombe chini.

"Baba alianguka gereji, hakuna aliyemsikia. Mimi nilikuwa naishi mitaa miwili tu kutoka pale, nikapigiwa simu na polisi. Sasa wewe uko huku, hata mtandao hakuna. Kila simu ikilia nadhani ni wao tena. Nilitaka uwe mahali nitakaposikia ukianguka."

Verlene alimshika mwanawe usoni kwa mikono miwili.

"Huo uoga ungeniletea mimi, mwanangu. Tungeubeba wote. Wewe umeenda kunivunja moyo ili nikae karibu."

"Nisamehe, Mama."

"Nitakusamehe. Kwa sasa nimekasirika, niache nikasirike."

Akapanda garini, akawasha.

"Unakwenda wapi?"

"Kumtukana mtu!"

Sasa yaliyofuata niliyaona kwa macho yangu. Nilikuwa nakwenda mjini kuchota maji, mbele yangu trela la Orrin, vumbi tupu. Ile barabara ni ya gari moja. Pembeni mchanga mtupu, ukiingia hutoki. Ghafla Orrin akafunga breki. Gari la Verlene lilikuwa limesimama mbele yake, pua kwa pua.

Nikazima injini. Nani angepiga honi?

"Rudi nyuma!" Verlene alipaza sauti dirishani.

"Nina trela! Rudi wewe!"

"Mimi nimerudi vya kutosha leo! Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Nebraska!"

"Na hilo trela bovu?"

"Lingekufa njiani ningetembea!"

Verlene akashuka, akapiga hatua mpaka kwenye mlango wa Orrin.

"Umenipa jina la mbwa, Orrin."

"Alikuwa mbwa mzuri sana."

"Usinichekeshe, nimekuja kukutukana."

"Tukana." Orrin akashuka, akavua kofia. "Ninastahili. Nilijiona najua kinachokufaa kuliko wewe. Nisamehe. Ukitaka kwenda Omaha nitakusindikiza. Ukitaka nibaki huku, nitabaki. Ila safari hii uniambie wewe."

Verlene akamrudishia kofia kichwani. Matusi yote aliyoyapanga njiani yakamtoroka.

"Nataka mjukuu wangu na nakutaka wewe," alisema. "Vyote viwili. Majira ya baridi huku, mtoto akizaliwa kule, na wewe unakuja."

"Nitalala wapi?"

"Kwenye trela lako, mbele ya gereji ya Garrett. Atakoma."

Garrett naye alikuwa ameshafika nyuma ya mama yake. Alishuka na vile viatu, sasa rangi ya udongo.

"Bwana Petty, nilikutumia vibaya."

"Nami nilikubali kutumiwa," Orrin akasema, akampa mkono. "Sasa tusaidie, mmoja wetu lazima arudi nyuma."

Ndivyo ilivyokuwa. Mtoto wa kike alizaliwa, bibi yake akamwogesha, Orrin akasawazisha nyuzi za piano kuukuu ya Tabitha. Baridi iliporudi walirudi, na ndoa ikafungwa kwenye uwanda wa kokoto. Majirani tulikuja na viti vya kukunja, sufuria za maharage kwa nyama na mikate ya mahindi. Aliyefungisha alikuwa mama mmoja wa kambi ya jirani, hakimu mstaafu mwenye kofia pana.

"Kama kuna mwenye pingamizi," alisema, "aseme sasa."

Garrett, kiti cha mbele, binti yake mapajani, akakohoa.

Kambi nzima ikageuka. Verlene akaweka mkono kiunoni.

"Vumbi, Mama!" Garrett akapiga kelele. "Nimemeza vumbi tu! Endeleeni!"