Fagio na Sehemu Zilizopotea

Kila asubuhi, kabla kengele haijalia, kiranja wa usafi alikuwa ameshashika kitambaa. Vumbi halikupata raha mbele ya msichana huyo, ndiyo maana wenzake wakampachika jina la Fagio. Siku hiyo furaha yake haikuwa na kifani. Mchana wazazi wangekuja kutazama filamu iliyotengenezwa na darasa lake, na nyota wa filamu alikuwa bibi yake mwenyewe, fundi cherehani. Bibi alishautangazia mtaa mzima, na gauni lake jipya alilipiga pasi mara mbili!

Alipoingia chumba cha kompyuta, alimkuta mwalimu amejishika kichwa mbele ya seva, ile kompyuta kubwa inayotunza kazi zote za shule.

"Jana niliiwekea mfumo mpya," mwalimu alisema. "Leo sehemu tatu za diski ya kuhifadhia kazi hazionekani. Ya mitihani, ya picha na ya filamu. Zimeyeyuka!"

"Na filamu ya bibi yangu?"

"Imo humo humo. Huu mfumo mpya umeniponza. Itabidi nirudishe wa zamani, na hiyo ni kazi ya kutwa nzima. Maonyesho tutayaahirisha."

Hapo Fagio akakumbuka. Jana mwalimu alipotoka kunywa chai, aliiacha seva bila mfuniko. Fagio aliona vumbi ndani. Angeliachaje? Alichomoa waya, akafuta, akauchomeka tena. Au hakuuchomeka vizuri? Akisema, huenda akavuliwa ukiranja, na darasa zima limcheke. Akinyamaza, lawama zote zitaangukia mfumo mpya. Lakini bibi na gauni lake je? Na mwalimu ahangaike kutwa bure?

"Mwalimu," alisema kwa shida, "jana niliingiza mkono humo. Nilichomoa waya nifute vumbi."

"Waya upi?"

"Huo mwekundu, mwembamba."

Mwalimu alizima seva, akainama, akausukuma waya kwa kidole. Ta! Ukaingia. Akawasha tena, wakangoja wamebana pumzi. Kwenye kioo cha kompyuta ikatokea sehemu ya mitihani, ikafuata ya picha, halafu ya filamu. Fagio aliruka kwa furaha nusura aangushe kiti.

"Kumbe diski yenyewe haikuwa imeunganishwa!" mwalimu alicheka. "Nami naulaumu mfumo bila hata kutazama waya."

"Nisamehe, mwalimu."

"Nimekusamehe. Ila umegusa bila ruhusa, kwa hiyo adhabu iko pale pale. Wiki nzima usishike kitambaa hapa shuleni."

Wiki nzima! Hiyo ilimuuma kweli kweli.

Mchana filamu ilionyeshwa. Bibi alijiona kwenye filamu akicheza huku ameshika mkasi, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Baadaye mwalimu alimweleza yote.

"Mashine ikileta shida, huwa nauliza kwanza nani kagusa nini," alisema. "Leo nilisahau kuuliza. Mjukuu wako akasema kweli kabla ya kuulizwa, na ndiyo maana umeiona filamu yako leo. Kukosea kila mtu hukosea. Anayesema mapema anatupa nafasi ya kurekebisha."

Bibi akamvuta Fagio kifuani. "Wewe mtoto, usafi gani huo wa kutaka kumfuta hata bibi yako?" Kisha akamnong'oneza, "Umenifurahisha sana, mjukuu wangu. Na usihuzunike. Kule nyumbani vyombo vimejaa, na huko hujakatazwa kitambaa."